Nyeusi Mara Nane

Saa tisa na robo usiku, Kajaani.
Greda limeegeshwa, injini inakoroma
kama mzee aliyekataa kwenda kulala chumbani.
Nangoja simu ya kituo: theluji ikifika kifundoni, natoka.
Mpaka hapo, juu ya magoti yangu, Riga.

Msichana wa Riga anaitwa Dagnija,
jina limebandikwa kifuani kwa herufi ndogo.
Anaitabasamia kamera, si mimi. Najua.
Hata hivyo nimechana nywele.

Nyeusi nne nilizitazama tu.
Nyeusi nne nyingine nikazilipia:
tano, nyekundu, ikaja nyeusi.
Kumi. Nyeusi.
Ishirini. Nyeusi.
Chovya chovya humaliza buyu, wanasema;
mimi sikuchovya, nililiinamisha.
Ile tano ya mwisho nayo, nyeusi.
Kijipira hutambaa ukingoni, hupiga hodi nyumba hadi nyumba,
kisha huingia palepale penye mlango mweusi.

Na mimi, Veijo, mtu mzima wa miaka hamsini na minane,
nikajisikia nikinong'ona: sasa naidai nyekundu,
deni limeiva, lazima ilipe.
Kana kwamba gurudumu lina daftari.
Kana kwamba mle ndani anakesha karani
anayeandika: huyu wa greda tumemwonea, mrudishieni chake.

Hakuna karani.
Gurudumu halikumbuki hata mzunguko uliopita.
Anayekumbuka ni mimi,
na kukumbuka kwangu ndiko kunakonigharimu.

Mvumilivu hula mbivu. Neno zuri, kwa mti.
Hapa hakuna mti, kuna mbao iliyong'arishwa
na namba thelathini na saba,
na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyomenywa.
Hapa mwenye uvumilivu haba
ndiye anayerudi nyumbani na koti lake.

Karibu na usukani kuna karatasi, mwandiko wangu, tangu Oktoba:
*Arobaini. Ikiisha, imeisha. Usifidie.*
Nimeibandika kwa gundi ya plastiki, isivuke jasho.
Ilikuwa imeisha.
Kidole gumba hakikusoma. Kilikwishafika kwenye kitufe cha kuongeza fedha,
kitufe cha kijani, kipole, kama kibao cha zahanati.

Nimewafundisha vijana ishirini na wawili kuendesha hili dude.
Dhoruba ikifuta barabara, nawaambia,
mguu utataka kukanyaga mafuta ili utoke haraka.
Usiusikilize. Hujui ulipo: punguza.
Onni alicheka.
Tulimtoa mtaroni kwa saa sita, na minyororo miwili.

Sasa Onni ni mimi, na mtaro unang'aa.

Nikaongeza ishirini. Ndiyo, niliongeza.
Nikaziweka zote, nyekundu.
Dagnija akafagia hewa kwa kiganja: dau zimefungwa.
Na simu ikalia.
Sentimita tisa, barabara ya hospitali, gari la wagonjwa limekwama.
Kijipira kingali kinazunguka
nikaifunika skrini kwa glavu.

Nilisukuma theluji mpaka saa moja asubuhi.
Pale hospitalini nilikuwa na hakika ilikuwa nyekundu.
Pale kanisani, nyeusi, mara ya tisa.
Kituo cha mabasi nikaikumbuka sifuri, ile ya kijani,
ambayo hakuna anayeidai kitu.

Wakati wa kahawa nikampa Sirkku simu.
Badilisha neno la siri, nikamwambia, na usiniambie.
Binti yangu hakuuliza. Akabonyeza huku akimimina maziwa.
Siku tatu nilimchukia kimyakimya,
kama mtoto aliyefichiwa sukari.

Siku ya nne nikamwomba.
Akasema: Baba, nimelisahau.
Anadanganya. Nikatazama dirishani nisimwone akidanganya.

Nje ilikuwa ikianguka,
nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeupe.
Sikuweka kitu.