Hayakuhusu

Saa saba usiku, ghala la katani, Pongwe.
Alikuwa amelaza kidevu juu ya buti langu.
Mara akainuka, kama aliyeitwa.

Akazunguka trekta. Akazunguka tena.
Akalamba ukuta, akalamba hewa,
akaketi, akasimama, akaketi,
akanitazama kama mtu wa kuja.
Paja likimcheza lenyewe
kama kope inayotabiri mgeni.

Nikamulika nyuma ya mizani:
muhogo ulioumwa nusu, umepakwa unga mweusi.
Mchana karani Semkiwa aliniambia,
"Sumu ya panya hiyo, Mbelwa. Usiiguse."
Mbwa nani alimwambia?

Nikamtia guniani, kichwa nje.
Baiskeli haina breki,
na bwana mifugo yuko Ngamiani.
Kwenye kizuizi askari akanimulika usoni:
"Umebeba nini?"
"Hayakuhusu."
Akashika rungu.
"Ni jina lake, afande. Jina tu."

Ndani ya gunia, katikati ya ile mitetemo,
sikio moja likasimama.

Basi nikaliita jina hilo kwa sauti
njia nzima, nyumba kwa nyumba,
na waliolala wakasikia walivyosikia.