Vumbi la Chokaa

Kwanza nililaumu umeme.
Hapa Mkomani umeme ukija huja na kikohozi;
nikasema chaja imelishwa vibaya, itapona.
Haikupona.
Nikibonyeza M, nikainuka kumimina chai,
nikirudi ndiyo kwanza M inawasili, peke yake,
kama mgeni aliyepotea mtaa.

Nikafuta picha. Harusi ya Mwanatumu, zote mia tatu,
isipokuwa ile ya mama akicheka na kibanio mdomoni.
Nikafuta michezo aliyoiweka mwana wa Zubeda.
Nikasaka virusi usiku kucha: sifuri.
Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima,
nikaisomea hata Ayatul-Kursi, Mungu anisamehe.

Aboudi akapiga simu toka Mombasa.
“Ile hati imefika wapi?”
“Mashine nzito, kaka.”
“Tangu lini?”
Hilo sikumjibu.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la maziwa:
Alfajiri, nyepesi.
Saa tatu, nyepesi bado.
Baada ya adhuhuri, kobe.
Juu ya godoro, kobe aliyekufa.
Juu ya sinia la shaba, roho yarudi kidogo.
Hapo nikashika ncha ya uzi.
Nikapitisha kiganja chini ya tumbo lake:
homa.

Famau wa Langoni, fundi wa saa na miwani,
akaja na bisibisi nyembamba kuliko sindano ya kofia.
Parafujo kumi na moja akazipanga kwenye kifuniko cha kopo
(ya kumi na mbili haikuwako; mtu alishapita humu).
Akafungua. Akanyamaza. Akaniita nione.

Feni haikuonekana.
Palikuwa na blanketi jeupe,
chokaa, unga wa matumbawe,
dari yetu hii inayopukutika
kila usiku boriti zikijinyoosha.
Miaka tisa mashine imevuta pumzi humu ndani,
imevuta ukuta wa babu chembe kwa chembe
mpaka ukuta ukaiziba pua.

“Haiugui hii,” Famau akasema, “imekabwa.
Ikiona joto limezidi hupunguza mwendo, isiungue.
Ina akili kutushinda.”
Mswaki mkavu, pumzi mbili tatu za pumpu ya mpira,
vumbi likashuka juu ya gazeti:
kijiko kimoja. Kimoja na nusu.
Akataka mia nne, nikampa tano.
Vumbi sikulitupa. Nimelitia
kwenye chupa tupu ya dawa ya kifua.

Sasa M ipo kabla kidole hakijainuka.
Hati ya mauzo yafunguka papo hapo:
jina la mnunuzi, bei kwa tarakimu na kwa maneno,
vyumba, zidaka, kisima, mpaka wa kusini,
na mstari mtupu mahali pa jina langu.
Kijistari cha kuandikia kinapepesa.
Hakina homa. Kinangoja.

Simu inaita.
Natazama boriti.
“Bado nzito, kaka,” nasema. “Bado nzito.”