Hati ya Kuonana

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia barazani mwa mahakama pamoja na wadaawa,
inakaa nao benchi moja.
Mimi ni karani. Nina taipureta yenye herufi moja mbovu.

Shauri la leo: Ipyana, miaka saba,
sweta ya shule imetiwa viraka viwikoni.
Hakimu anamuuliza polepole, kwa Kinyakyusa kwanza, kisha Kiswahili:
Unataka kumwona baba?
Mtoto anatazama viatu vya mama yake,
anajibu kama anayesoma ubaoni:
"Mlalamikiwa hajawahi kutoa matunzo."

Hata mvua naona imeshusha sauti.

Andongolile, mchuma chai, vidole vyeusi kwa utomvu,
amepakata maparachichi matatu kwenye mfuko wa sukari.
Kila tarehe ya kesi huja nayo.
Kila tarehe huondoka nayo, akayala njiani bila chumvi.
Na mama naye ana lake:
miezi minane alikopa unga kwa jirani
na jirani hakuwa mtu wa kunyamaza.

Wakili kijana kutoka Mbeya anataka kifungu kipya:
anayemlisha mtoto chuki ya mzazi mwenzake
naye asimame kizimbani.
Hakimu anavua miwani.
"Chuki, wakili, tutaipima kwa kilo au kwa debe?"
Watu wanacheka. Mimi sicheki.

Nililelewa Masoko, kwa bibi,
nikiambiwa baba alifukiwa na kifusi cha dhahabu huko Chunya.
Nilimlilia. Nilimwekea maua kwenye kaburi la mtu mwingine.
Nina miaka ishirini na tisa nikamkuta sokoni Kyela,
anauza mchele, macho yangu usoni mwake.
Alinipimia sado mbili,
akaongeza konzi moja ya nyongeza, kama kwa mteja yeyote.
Nikalipa. Nikashukuru.
Nikapanda Tukuyu na mchele wangu magotini.

Sasa nachapa:
IMEAMRIWA. Jumamosi mbili za mwezi,
saa nne hadi saa kumi, mbele ya afisa ustawi.
Sheria itamleta mtoto mpaka mlangoni;
ulimi wake utakuja kwa miguu yake wenyewe,
siku utakayotaka.

Mtoto aonane na
lakini herufi ile haishiki wino,
neno linatoka na mapengo mawili, kama kinywa cha Ipyana.
Nachukua kalamu,
nalijaza kwa mkono:
b,
kisha b nyingine.