Ufunguo wa Tatu

Mradi ulipokwisha walikuja na lori,
wakapakia viti, jenereta, hata bango.
Daftari wakaliacha. Halikuwa na nembo.

Tulikuwa watu kumi na wanane, Nyarugusu,
na sufuria moja ya kuchemshia mawese.
Sabuni ya kwanza iligoma kuganda.
Ya pili ikatuchubua viganja.
Ya tatu Wabiwa akaipeleka sokoni,
akarudi na elfu nne na mia tano
na neno: wanunuzi wa Makere wanataka vipande vikubwa.

Sanduku tukalitia kufuli tatu.
Ufunguo kwa Wabiwa, ufunguo kwa Nibigira,
wa tatu kwa Asukulu, mpinzani wa kila hoja;
apingaye, tulisema, hasinzii kikaoni.

Tukakopesha: cherehani, mbegu za mchicha, sanda.
Sanda hatukuitoza riba.

Wiki iliyopita jina la Asukulu likabandikwa ubaoni:
ng'ambo, alfajiri, kilo ishirini za mzigo.
Basi lilishaanza kunguruma
aliposhuka mbio, kamba ingali shingoni,
akatupita sote tulionyoosha mikono,
akamvika Kaneza,
mgeni wa miezi miwili, binti wa Ruyigi,
aliyethubutu kuuliza mbele ya wote:
"Mia saba ya magadi iko wapi?"

Jana tumefungua, tumehesabu.
Mia saba ilikuwa ukurasa wa pili,
imeandikwa sabini,
kwa mwandiko wangu mimi, katibu.

Kaneza hakucheka.
Alinisogezea kalamu.