Sare Zisizo na Lebo

Mwaka ule nilikuwa na vyerehani vitatu
Makoroboi, uchochoro wa nyuma ya maduka ya vitenge.
Akaja mgeni, viatu safi, Kiswahili cha kitabuni,
akaagiza sare mia nne, rangi ya majani makavu.

Nembo gani? Hakuna nembo.
Bendera begani? Hakuna.
Na lebo ya duka langu, ndani ya kola?
Akacheka, akahesabu nusu ya malipo,
noti ngumu, hazijawahi kukunjwa.

Nikauliza vipimo, maana fundi huuliza:
kiuno, kifua, urefu wa mguu.
"Kata tu," akasema. "Watatosha."
Hakusema zitatosha.
Alisema watatosha.

Nyanzobe, binti wa dada yangu, domo halimkai,
akamchokoza huku anapiga pasi:
"Kwani serikali yenu haina askari?"
Tangawizi ilikuwa imemlegeza.
"Inao. Lakini wana mama.
Wa kwetu akifa, jeneza linapita barabara kuu,
redio inataja jina, bunge linauliza gharama.
Hawa wa ng'ambo wakifa, anayelia analia kwa lugha
isiyofika mezani kwetu."
Akapuliza chai.
"Na jirani anayeshinda akizima moto kwake
hapati nafasi ya kuchungulia ua wetu."

Habari za dhahabu hakuzitaja.
Simu yake ilizitaja, jioni, pale mlangoni,
alipodhani vyerehani vinapiga kelele ya kutosha.

Nilishona. Nisijitakase, nilishona,
na cherehani cha nne kilitokana na pesa ile.
Marobota yakaandikwa "mitumba",
yakateremka Bandari ya Kusini,
na ziwa, lisilo na desturi ya kuuliza,
likayabeba.

Miaka miwili baadaye, Mlango Mmoja,
muuzaji alipolipasua robota
nikaona mshono wangu.
Mtu haupotezi mshono wake, ni kama mwandiko.
Suruali moja, goti limefifia,
pindo limekunjwa mara tatu
na kushikizwa kwa uzi wa nyavu, kwa mkono,
hatua ndefu, hatua fupi,
mshono wa anayejifunza, asiye na wa kumshonea.

Elfu tatu, akasema. Nikampa tano, sikungoja chenji.

Dukani nikaitandaza juu ya meza ya kukatia,
nikavuta futi kamba kutoka kiunoni hadi pindoni.
Inchi thelathini na mbili.
Nyanzobe akaandika kwenye daftari la wateja.
Mahali pa jina
aliinua kalamu, akanitazama,
akapaacha wazi.