Bado Kidogo

Ubao wa mninga ulishuka kwenye guta
kabla sijamaliza kusema "shika,"
ukanipiga kati ya kiwiko na kifundo.
Sauti iliyotoka niliijua:
ni ile ya ulimi wa mbao
ukilazimishwa kuingia tundu dogo.

Temeke, saa tano usiku.
Kijana wa eksirei aliinua picha kwenye taa.
"Huu wa upande wa dole gumba, rediasi.
Huu mwingine, alna."
Mimi nikaona miguu miwili ya stuli,
mmoja umepasuka, mmoja umesimama.
"Bahati yako, fundi," akasema,
"huu mzima utamshikilia mwenzake."

Miaka ishirini na saba nimekaza skrubu Keko
bila kuuliza kinachozunguka ni nini.
Kumbe alna hukaa,
imeng'ata kiwiko kama bawaba;
rediasi ndiyo msafiri,
humvuka mwenzake, hurudi, humvuka tena,
kila bisibisi inapogeuka.
Vile vitanda vyote, makabati ya maharusi,
jeneza dogo nililolikataa kulipwa,
vimeshikwa na mfupa uliokubali kubaki
ili mwingine uzunguke.

Jaribu. Weka kiganja juu, kama anayepewa:
mifupa imelala sambamba,
watoto wawili kwenye kitanda cha tatu kwa sita.
Geuza kiganja chini, kama anayesema hapana,
kama anayepiga randa:
imepishana, mmoja mgongoni kwa mwenzake.
Kwa hiyo hata kukataa
kuna mahali kunapokunja mwili.

Wiki sita za hogo.
Linawasha, nalichokoa kwa spoku ya baiskeli.
Na Shomvi,
ambaye tangu kabati la Mbagala hatusalimiani
(laki na themanini; nilisema sitaitaja tena,
haya, nimeitaja),
alikuja asubuhi ya pili na randa yake mwenyewe,
akasimama kwenye benchi langu.
Hakuniuliza hali.
Aliuliza, "Meza ya nani hii?"

Hogo lilipokatwa
mkono ulitoka mwembamba, na magamba,
kama kitu kilichofukuliwa.
Dada Agripina wa mazoezi alinipa nyundo:
"Shika mpini. Geuza huku. Sasa kule."
Huku, chini, ilikwenda.
Kule, juu, ikagoma.
"Kugeuza juu ndiko kunakochelewa,"
akasema, huku akiandika.

Nikaenda kwa Mangi kununua sukari.
Chenji ikamiminika sakafuni, mia, mia mbili,
mtoto akaniokotea chini ya gunia la mchele.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Wangu ulikuwa mtupu, na hata kuuonyesha utupu wake
haukuweza.

Jana, vumbi la msumeno likiwa bado hewani,
Shomvi alininyooshea skrubu ya inchi mbili.
Nikageuza.
Nikabana kiwiko ubavuni, kama nilivyofundishwa,
nikasikia kitu ndani kikivutana, kikikwaruza,
kiganja kikasimama wima, kama kitabu kwenye rafu,
hapo kikakwama.

Hakuiachia skrubu ianguke.
Hakuirudisha mfukoni.
Jirani aliwasha mashine, akaizima.

"Bado kidogo," nikasema.
"Naona," akasema.
"Geuza."