Wageni wa Kuha

Kuopio, Januari, saa nane na robo usiku.
Nje, baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri;
chini ya hospitali, katika chumba kisicho na dirisha,
feni zinahangaika kupoza chuma.
Raili Hautamäki amevua koti, amekunja mikono ya sweta.

Seva ziko tatu. Veikko, aliyezifunga kabla hajastaafu,
alizipa majina ya samaki wa ziwa lao:
Kuha, Hauki, Ahven.
Hao ndio wenyeji. Ndani yao wamo wageni,
mashine pepe mia moja na kumi na tisa,
pepe kama upepo uliopewa chumba,
kila mmoja akiamini nyumba nzima ni yake.
Hakuna aliyewahi kusikia jirani akikohoa.

Na mwenyeji ni mwongo wa hisani:
amewaahidi kumbukumbu gigabaiti mia saba
naye mfukoni ana mia tano na kumi na mbili.
Ahadi ni deni, lakini deni halidaiwi na wote usiku mmoja;
huyu akisinzia, yule hula fungu lake.
Ndivyo nyumba inavyokwenda,
hadi saa nane, nakala za akiba zinapoanza,
na jirani mmoja anainywa diski yote kwa mrija,
na maabara, ghorofa ya nne, inangoja
sekunde sita kufungua jibu moja la damu.
Raili anaubana mrija. Maabara inapumua.

Lakini si hilo lililomleta.
Kuha anasahau.
Tangu Jumanne kijiti kimoja cha kumbukumbu kinakosea,
kinajisahihisha, kinakosea tena,
kama mtu anayehesabu chenji ileile mbele ya foleni.
Leo, mara elfu mbili.
Arobaini na mmoja wamelala humo. Wahame, na wasiamke.

Kumhamisha mgeni aliye hai ni kazi ya adabu:
unanakili anachokijua,
ukinakili, naye keshajua kingine,
unarudi kukichukua hicho, na kidogo kilichozidi,
hadi kinachobaki ni chembe, ni kope kushuka.
Pumzi aliivuta kwa Kuha;
anaitoa kwa Hauki.

Ghorofa ya pili, mkunga Senja Pulkkinen anaandika:
mvulana, gramu elfu tatu, mia nne na ishirini.
Kati ya elfu na mia, faili lilihama nyumba.
Hakuinua kidole.

Famasi ikahama. Picha za eksirei, nzito, zikahama kwa kujikokota.
Jiko likahama na uji wake wa kesho.
Akabaki mmoja.

Anaitwa Kumi na Saba, basi. Hana mwenyewe.
Bosi aliandika Novemba: mzime, tuone nani atalia.
Raili anaweka kidole juu ya kitufe. Anakiondoa.
Anachungulia daftari lake la ndani: kila robo saa
anaiuliza friji moja, nyuzi ngapi?
Friji inajibu. Anaandika. Hakuna anayesoma.
Maziwa ya mama, ya watoto njiti.
Miaka tisa, asilimia moja ya nguvu,
hajawahi kuomba ya pili.

Anamhamisha peke yake,
na palipokuwa na namba anaandika: Maziwa.

Kisha anamzima Kuha. Chumba kinapungukiwa sauti moja.
Kijiti kinatoka, chepesi, huwezi kukidhania ubaya.
Kwenye fomu, penye muda wa huduma kukatika,
anaweka sifuri, anaizungushia wino mara mbili.

Saa kumi na moja, maegeshoni, gari lake limekufa.
Jioni alisahau kulichomeka kwenye nguzo ya umeme
inayopasha injini usiku kucha.
Gari ni moja. Halina Hauki, halina Ahven.
Anacheka, na kicheko kinaganda kwenye skafu.
Anatembea hadi kituoni, theluji ikilia chini ya buti,
anasimama mbele ya barabara tupu
na kwa mazoea tu anaisoma ratiba yote:
hili lisipokuja, la pili lipo?